Matone Sita kwa Miezi Sita: Mafuta ya Mimea na Nywele Zinazonyonyoka

Mwaka 1998 jarida moja la Marekani la magonjwa ya ngozi lilichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika Aberdeen, Scotland. Watu 86 wenye upara wa viraka, ugonjwa unaoacha madoa ya mviringo yasiyo na nywele, waligawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lilipewa mafuta ya thaimu, rozimari, lavenda na mwerezi yaliyochanganywa ndani ya mafuta ya jojoba na ya mbegu za zabibu. Kundi la pili lilipewa jojoba na mbegu za zabibu peke yake. Wote walitakiwa kujisugua kichwani kila siku kwa miezi 7. Mwishoni, watu 19 kati ya 43 wa kundi la kwanza walikuwa wamepata nafuu, yaani asilimia 44. Katika kundi la pili walikuwa 6 kati ya 41, asilimia 15.

Jaribio hilo linastahili kusimuliwa kwa sababu lilifanywa kwa binadamu, lilikuwa na kundi la kulinganisha, na wote walisugua vichwa kwa namna moja. Hivyo nafuu ya ziada haikutokana na vidole wala na mafuta ya jojoba, bali na ile mimea minne. Lakini lilihusu aina moja tu ya kunyonyoka kwa nywele, tena aina ambayo kwa baadhi ya watu hupona yenyewe. Leo chupa ndogo za kahawia zinauzwa Kariakoo jijini Dar es Salaam na katika saluni za Nairobi na Mombasa kwa ahadi kubwa zaidi ya hiyo: kwamba mafuta yatakuza nywele za yeyote, zilizokatika kwa sababu yoyote, ndani ya wiki chache. Hapo ndipo pesa za watu wengi zinapotelea, na pengine ngozi zao pia.

Mafuta haya yanaweza kusaidia. Yanamsaidia mtu anayejua kwa nini nywele zake zinatoka, anayeyapunguza makali kabla ya kuyagusisha na ngozi, na aliye tayari kusubiri miezi sita. Likikosekana moja kati ya hayo matatu, ni afadhali mafuta ya nazi ya kawaida.

Kwanza kuhusu ukali wenyewe. Mafuta ya nazi, ya alizeti au ya nyonyo hukamuliwa kutoka kwenye tui au mbegu, na mtu anaweza kujipaka kiganja kizima bila kudhurika. Mafuta ya rozimari, ya mchaichai au ya karafuu hupatikana kwa njia nyingine. Mvuke wa maji hupitishwa katikati ya majani au vikonyo, unabeba chembe zenye harufu, kisha unapozwa hadi maji na mafuta yatengane. Kisiwani Pemba kazi hiyo hufanyika katika kiwanda cha makonyo kilichopo Wawi, Chake Chake, chini ya Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar. Makonyo, vile vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa, huingizwa kwenye mitungi mikubwa na kutoka yakiwa mafuta mazito kuliko maji, yanayozama chini badala ya kuelea. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni yujenoli, dawa ileile inayofanya kliniki za meno zinukie karafuu. Daktari wa meno huitumia kwa kuwa hutia ganzi, lakini kwa kiasi kidogo sana kwa kuwa pia huunguza.

Rozimari haina ukali kama wa karafuu, lakini hesabu yake inafundisha jambo lilelile. Kilo 100 za majani hutoa takriban kilo moja ya mafuta, mara nyingi pungufu ya hapo. Anayetia tone moja kiganjani ameshika nguvu ya majani mengi, na ngozi ya kichwa haijazoea nguvu hiyo.

Baada ya Aberdeen, jaribio linalotajwa zaidi lilitoka Iran mwaka 2015. Watu 100 wenye upara wa kurithi, ule unaoanzia kwenye paji la uso na utosini, waligawanywa nusu kwa nusu. Nusu walipaka rozimari na nusu walipaka minoksidili ya asilimia 2. Minoksidili ilianza kama dawa ya shinikizo la damu. Madaktari waliona wagonjwa wakiota nywele mahali wasipotarajia, na kuanzia mwaka 1988 ikaruhusiwa Marekani kupakwa kichwani kwa ajili hiyo. Katika jaribio la Iran, miezi mitatu ilipita bila badiliko la maana upande wowote. Ilipofika miezi sita, idadi ya nywele ilikuwa imeongezeka katika makundi yote mawili, na hakukuwa na tofauti kubwa kati yao. Waliopaka rozimari walilalamikia muwasho kidogo kuliko wenzao.

Hapo ndipo ilipozaliwa kauli kwamba rozimari ni sawa na minoksidili, kauli ambayo imezunguka dunia nzima kwenye simu. Imekwenda mbali kuliko ushahidi wake. Ongezeko la nywele lilikuwa dogo pande zote mbili, minoksidili iliyotumika ilikuwa ile hafifu ya asilimia 2 na si ya asilimia 5, na halikuwapo kundi la tatu la watu waliopaka kitu kisicho na dawa. Kwa hiyo mtu mwenye upara wa kurithi ana sababu nzuri ya kujaribu rozimari, hasa kama minoksidili inamwasha au bei yake imemshinda. Hana sababu ya kutarajia nywele za ujana wake.

Peremende, jamii ya mnanaa, ina sifa kubwa zaidi na ushahidi mdogo zaidi. Mwaka 2014 watafiti wa Korea Kusini waliipaka kwenye migongo ya panya kwa wiki nne, ikiwa asilimia 3 ndani ya jojoba, na manyoya yakaota kwa kasi ya kuvutia, kupita hata waliopakwa minoksidili. Lavenda nayo ilijaribiwa kwa panya na kuonyesha dalili njema. Ngozi ya panya ni nyembamba na manyoya yake huota kwa zamu tofauti na nywele za binadamu, kwa hiyo habari hizo ni za kutia moyo tu. Titrii, mti wenye asili ya Australia ambao wakulima wadogo karibu na Mlima Kenya wanaulima kwa ajili ya mafuta, una kazi nyingine: mba. Katika jaribio la mwaka 2002, watu 126 wenye mba waliosha nywele kwa shampuu, wengine yenye titrii ya asilimia 5 na wengine isiyo nayo. Waliotumia titrii walipata nafuu ya asilimia 41, wenzao asilimia 11.

Na kusugua kwenyewe? Kusugua pia kuna ushahidi wake, japo mdogo. Huko Japani wanaume tisa walisuguliwa kwa kifaa sehemu moja ya kichwa dakika nne kila siku kwa wiki 24, na nywele za sehemu hiyo zikawa nene kidogo. Watu tisa ni wachache mno kutolea hukumu. Lakini kusugua hakugharimu chochote, na ni sababu nzuri ya kutopaka mafuta kwa haraka kisha kukimbilia kitanda.

Sasa lije swali ambalo lilipaswa kutangulia chupa: nywele hizo zinatoka kwa nini?

Mtu mzima ana nywele takriban 100,000 kichwani, na kudondoka kwa nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida. Mwenye rasta au twende kilioni aliyekaa nazo wiki sita atakuta bonge la nywele siku ya kufumua, akashtuka, kumbe ni zile zilizokwisha kutoka siku zote hizo zikashikiliwa na msuko. Hilo si ugonjwa. Mama aliyejifungua anaweza kunyonyoka sana miezi miwili hadi minne baada ya kujifungua, na hali hiyo humpata pia mtu aliyetoka kwenye homa kali, upasuaji au njaa ya muda mrefu. Nywele nyingi kwa pamoja huwa zimeingia mapumzikoni, na karibu miezi mitatu baadaye hudondoka. Nyingi hurudi zenyewe. Mafuta yatakayopakwa kipindi hicho yatapewa sifa zisizo zao, na hakuna ubaya ikiwa mama anafurahia harufu na kusuguliwa. Akijua zitarudi, halazimiki kuuza kuku kununua chupa.

Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, pia hunyonyoa nywele. Hapo dawa huanzia kwenye kipimo cha damu.

Lakini sababu inayowasumbua zaidi wanawake wa Afrika ni kuvutwa. Nonhlanhla Khumalo, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na wenzake walipochunguza vichwa vya wanawake wazima Afrika Kusini walikuta karibu theluthi moja wana upara wa kuvutwa. Anayepita mbele ya saluni yoyote ya mtaani, iwe Tandale ya Dar es Salaam au Kayole ya Nairobi, anaona unavyoanza. Msusi anakaza ili msuko ukae muda mrefu, mteja anavumilia kwa sababu amelipa, usiku hawezi kulala ubavu, na kesho yake kuna vipele vidogo kwenye mstari wa nywele. Vipele hivyo ni onyo la mwisho la ngozi. Mara nyingi hufuatiwa na nywele za pembeni kukonda, huku kamstari kembamba ka vinywele vifupi kakibaki mbele kabisa, karibu na paji, na nyuma yake uwazi. Daktari akiona kamstari hako hutambua haraka anachoshughulika nacho.

Kwa hali hiyo, chupa ya rozimari haina kazi yoyote hadi msuko ufumuliwe. Tundu la unywele linalovutwa kila wiki huvimba. Likiendelea kuvutwa miaka, hufunikwa na kovu, na kovu haliotei unywele. Katika hatua za mwanzo nywele hurudi mtu akipumzisha kichwa tu, na hapo mafuta yana nafasi ya kusaidia. Dawa ya kulainisha nywele ikipakwa leo, kisha msuko mzito au nywele za bandia zikashonwa kesho, hatari huongezeka sana, kwa kuwa nywele iliyokwisha dhoofishwa na dawa ndiyo inayobebeshwa uzito. Mteja ana haki ya kumwambia msusi, “Dada, legeza hapa mbele.” Msusi mzuri hatakasirika, na anayekasirika anastahili kupoteza mteja.

Kuna pia jambo ambalo halihusu mizizi kabisa. Wanawake wengi husema nywele zao hazikui, ilhali zinakua vizuri na kukatikia ncha. Nywele za kipilipili zikipimwa huonekana kukua polepole kuliko za Wazungu, chini ya sentimita moja kwa mwezi, lakini hiyo bado ni sentimita tisa hivi kwa mwaka. Mikunjo yake ndiyo sehemu dhaifu, na kila chanuo linalopitishwa kwenye nywele kavu linavunja kadhaa. Wanawake wa Chad wanaojulikana kwa unga wa mimea uitwao chebe hupaka mchanganyiko wao wa unga na mafuta kwenye urefu wa nywele, si kwenye ngozi, kisha wanasuka na kuacha. Nywele zao hufika kiunoni kwa sababu hazikatiki. Kwa tatizo hilo mafuta ya nazi yana ushahidi mzuri kuliko rozimari. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mafuta ya nazi hupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha, jambo ambalo mafuta ya alizeti na ya madini hayakuweza. Bibi wa pwani aliyepaka wajukuu mafuta ya nazi kabla ya kuwaosha alikuwa sahihi muda wote.

Kwa mtu aliyekwisha pima mambo hayo na bado anataka kujaribu, utaratibu ufuatao ni salama na unafanana na ule wa Aberdeen, ambao ulikuwa na matone 10 tu ndani ya mililita 23 za mafuta, sawa na asilimia 2 hivi. Matone 10, mchanganyiko mzima, na bado ulifanya kazi. Anayemimina nusu chupa ya rozimari kwenye kikopo cha mafuta ya nywele anajitafutia malengelenge.

Vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya kuchanganyia ni mililita 30. Humo yaingie matone sita ya mafuta makali: manne ya rozimari na mawili ya lavenda, kwa mfano. Hiyo ni asilimia 1. Ngozi ikivumilia kwa wiki tatu au nne bila muwasho, matone yanaweza kuongezwa hadi kumi au kumi na mawili, na yasizidi hapo. Mafuta ya alizeti ya Singida yanafaa vizuri kuchanganyia kwa kuwa ni mepesi na bei yake inabebeka. Jojoba ni bora lakini ghali. Mafuta ya nazi hufaa pia, ila kwenye baridi ya Lushoto au Njombe huganda, na itabidi kikopo kiwekwe kwanza ndani ya bakuli la maji ya moto. Mafuta makali yatiwe baada ya hapo, yasiwekwe jikoni kwenye moto, kwa sababu yanashika moto upesi na joto linayaharibu.

Mafuta ya nyonyo yanahitaji neno lake. Yana wapenzi wengi, hasa kwa kingo za nywele na nyusi, lakini hakuna jaribio zuri lililoonyesha kwamba yanaotesha nywele. Yanachofanya ni kushika unyevu na kufanya nywele zionekane nene. Uzito wake pia ni hatari. Mwaka 2017 madaktari wa India waliandika habari za msichana wa miaka 20 aliyeosha nywele zake ndefu baada ya kuzipaka nyonyo na mafuta ya nazi, zikajisokota na kushikana kuwa bonge gumu lisilofumuka, na ikabidi zikatwe. Anayeyapenda ayachanganye robo kwa robo tatu za mafuta mepesi, na asiyakusanyie kichwani kwa wingi kabla ya kuosha.

Kabla ya mchanganyiko kufika kichwani, tone lake moja lipakwe sehemu ya ndani ya kiwiko na kuachwa saa 24, au bora zaidi saa 48. Ngozi ikiwa nyekundu, ikiwasha au kutoa vipele, mchanganyiko huo haumfai mtu huyo. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoweza kuokoa uso usivimbe siku ya harusi.

Upakaji wenyewe ni wa jioni. Nywele zitenganishwe kwa mistari, na mafuta kidogo yatiwe kwenye ngozi kwa kidondoshi cha chupa. Kijiko kimoja cha chai kinatosha kichwa kizima. Kisha ncha za vidole, si kucha, zisugue polepole kwa dakika mbili hadi nne, hasa sehemu zilizokonda. Wagonjwa wa Aberdeen walifunga kitambaa cha moto kichwani baada ya hapo, na hilo si gumu kufanya nyumbani. Wao walipaka kila siku. Kwa mwenye nywele za kipilipili, mara tatu au nne kwa wiki ni kiasi kinachowezekana, pamoja na kuosha kwa shampuu mara moja kwa wiki ili mafuta yasirundikane. Mwenye msuko anaweza kuendelea, mradi msuko haujakazwa. Mafuta hufuata mistari. Usiku kofia ya satini hulinda nywele na foronya pia.

Mwenye mba nyingi za kunata asipake mafuta kwenye ngozi ya kichwa hata kidogo. Watu huona magamba wakadhani ni ukavu, wakaongeza mafuta, na mba zikaongezeka. Kuvu anayehusika na mba hula mafuta ya ngozi, na mengi ya mafuta tunayopaka humlisha. Huyo aanze na shampuu ya dawa hadi mba ziishe.

Maji ya rozimari na maji ya karafuu, ambayo sasa yako karibu kila nyumba yenye binti, ni kitu kingine. Majani au karafuu zikichemshwa kwenye maji hutoa sehemu ndogo tu ya mafuta yake, kwa hiyo maji hayo ni mepesi na hatari yake ni ndogo. Faida yake haijapimwa kama ilivyopimwa ile ya mafuta. Wale watu wa Iran hawakunyunyizia maji ya kuchemsha. Anayeyapenda achemshe kiganja cha majani kwenye nusu lita ya maji kwa dakika 10, ayaache yapoe, ayachuje, ayaweke kwenye friji na kuyamwaga baada ya wiki moja. Maji hayo hayana kihifadhi, na chupa iliyokaa mwezi mzima dirishani huota ukungu na bakteria ambao baadaye hunyunyiziwa kwenye ngozi iliyochubuka. Karafuu ziwe chache, zisizidi kijiko kimoja cha chai, na kichwa kikihisi moto kioshwe mara moja.

Lakini mafuta yenyewe ya karafuu, yale ya chupa, yasipakwe kichwani na mtu anayejifunza. Hata wanaojua kazi hii huyatumia kwa kiwango cha nusu asilimia tu, yaani matone matatu kwa vijiko viwili vya chakula, na hakuna jaribio la maana linaloonyesha kwamba yanaotesha nywele za binadamu. Mdalasini ni vivyo hivyo. Mafuta ya ndimu na limau yaliyokamuliwa kutoka kwenye maganda yana hila nyingine: yakikutana na jua kwenye ngozi huunguza na kuacha madoa meusi. Kwa nchi zetu za jua la saa sita, yaachwe.

Watoto ni suala zito zaidi. Mafuta ya peremende, mkaratusi na chochote chenye kafuri hayapaswi kukaribia uso wala kichwa cha mtoto aliye chini ya miaka miwili, kwa sababu yanaweza kumbana pumzi. Kijiko kimoja au viwili vya chai vya mafuta ya karafuu vilivyomezwa vimewahi kuharibu maini ya watoto wadogo, na mkaratusi uliomezwa huleta degedege. Chupa hizi hunukia vizuri na ni ndogo kama za kuchezea, kwa hiyo zikae juu kabisa ya kabati. Mtoto akimeza, asilazimishwe kutapika. Apelekwe hospitali upesi pamoja na chupa yenyewe. Mama mjamzito na mtu mwenye kifafa waiache rozimari hadi wazungumze na daktari.

Dukani pia kuna mitego. Mafuta halisi huuzwa kwenye chupa ya kioo cheusi au cha kahawia, si ya plastiki, na lebo yake hutaja jina la kisayansi la mmea, kwa mfano Rosmarinus officinalis. Duka linalouza waridi, lavenda na mchaichai kwa bei moja linauza manukato ya viwandani, kwa sababu waridi halisi hugharimu mara nyingi zaidi ya mchaichai. Tone likidondoshwa kwenye karatasi nyeupe, mafuta mepesi kama ya rozimari hukauka na kuacha alama hafifu. Yakiacha doa la mafuta kama la andazi, yamechanganywa. Chupa ikishafunguliwa ikae mbali na joto na mwanga, kwani lavenda na titrii zilizozeeka huwasha ngozi kuliko zikiwa mpya. Chupa ya mwaka juzi ifutie sakafu.

Baada ya hapo ni kusubiri, na kusubiri kuna njia yake. Siku ya kwanza ipigwe picha ya sehemu iliyokonda, mchana, karibu na dirisha, nywele zikiwa zimegawanywa mahali palepale patakapogawanywa tena. Picha irudiwe kila mwezi. Miezi mitatu ya kwanza huenda kusiwe na kitu, na hilo lisimvunje mtu moyo, kwa kuwa hata Iran hakikuonekana kitu cha maana hadi baada ya mwezi wa tatu. Kioo cha kila siku hakisaidii. Kinakuza matumaini leo na kukata tamaa kesho. Miezi sita ikiisha na picha ya kwanza na ya mwisho hazina tofauti, mafuta hayo yamefeli kwa mtu huyo na hakuna haja ya kununua chupa ya saba.

Kuna wasiopaswa kusubiri hata mwezi mmoja. Mtoto wa shule mwenye magamba na nywele zilizokatika kwa duara huenda ana mapunye, na mapunye ya kichwani huhitaji vidonge kutoka hospitali kwa wiki kadhaa; mafuta hayafiki mahali kuvu alipojificha. Mwanamke ambaye utosi wake unawaka, unawasha na kupungua nywele mwaka hadi mwaka, na ngozi yake imekuwa laini inayong’aa bila vitundu, anaweza kuwa na ugonjwa unaoacha makovu, na kila mwezi anaoutumia kwenye rozimari ni mwezi ambao vitundu zaidi vinafungwa. Tanzania ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, na wataalamu waliosomea hapo wamesambaa katika hospitali nyingi za Afrika Mashariki na kusini mwake. Hospitali ya rufaa ya mkoa ndiyo mahali pa kuanzia kuwauliza. Aliye na dalili hizo aende wiki hii, na ile chupa ya mafuta aibebe mkononi amwonyeshe daktari alichokuwa akipaka.